Brooks: maji yalileta ng'ombe, ng'ombe wakaleta watu

Ukitoka Calgary kwa gari kuelekea kusini-mashariki, barabara kuu ya Trans-Canada inanyooka kama uzi uliovutwa. Kushoto nyasi, kulia nyasi, juu anga tupu. Miti ni ya kuhesabu, na karibu yote imepandwa na mtu: safu moja nyuma ya nyumba ya mkulima, ya kukinga upepo. Baada ya kilomita 190 hivi unafika Brooks, mji wa jimbo la Alberta uliokuwa na watu 14,924 kwa sensa ya mwaka 2021.

Mji wa ukubwa huo, katikati ya nyika ya Kanada, ungeutarajia uwe wa watu wanaojuana tangu babu zao. Lakini ingia dukani. Mbele yako kwenye foleni yuko mama wa Kisomali na mfuko wa mchele wa kilo kumi, nyuma yake kijana Mfilipino aliyetoka shifti, na si ajabu kusikia pembeni watu wawili wakisemezana kwa Kiswahili cha Kongo. Wenyeji wameupa mji wao jina la utani: Mji wa Salamu Mia Moja, kwa hesabu ya lugha zinazosemwa pale.

Imekuwaje? Ukiuliza, wengi watakujibu kwa neno moja: kiwanda. Ni kweli, pana kiwanda kikubwa cha nyama, na ndicho kilichowaita watu. Lakini jibu hilo linazaa swali jingine. Kwa nini moja ya machinjio makubwa kuliko yote nchini Kanada iwe hapa, penye ukame na baridi kali, na si kandokando ya jiji? Hapo inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwenye maji.

Ardhi iliyokosa mnunuzi

Kabla ya reli, nyanda hizi zilikuwa za Blackfoot, wenyeji wa asili: mataifa ya Siksika, Kainai na Piikani, waliowinda nyati wa Amerika waitwao baisani. Nyama, ngozi ya hema, mifupa ya zana, vyote vilitoka kwa mnyama huyo. Tarehe 22 Septemba 1877, mahali paitwapo Blackfoot Crossing kando ya Mto Bow, walitia saini Mkataba wa Saba na serikali ya Kanada. Miaka michache baadaye baisani walikuwa wamekwisha, njaa ikaingia, na watu waliokuwa wakitembea nyika nzima wakabanwa kwenye maeneo waliyotengewa.

Mwaka 1883 reli ya kampuni ya Canadian Pacific ilipita hapa. Sasa shika jambo hili, kwa sababu historia yote ya Brooks imening'inia hapo. Serikali iliilipa kampuni kwa kazi ya kujenga reli dola milioni 25 pamoja na ekari milioni 25 za ardhi. Mkataba ukaweka sharti kwamba ardhi hiyo iwe inafaa watu kuishi na kulima, la sivyo kampuni ilikuwa na haki ya kuikataa. Ardhi ya hapa ilikuwa na sifa mbaya. John Palliser, aliyeongoza msafara wa uchunguzi kati ya 1857 na 1860, alikuwa ameandika kuwa pembetatu kubwa ya kusini mwa nyanda hizi ni kame mno kwa kilimo. Mvua na theluji ya mwaka mzima kwa pamoja haifiki milimita 400.

Kwa miaka ishirini kampuni ilichagua ardhi bora kwingineko na kuiacha hii. Ilipofika 1903 ikakubali kuchukua ekari milioni 3 kati ya Calgary na Medicine Hat, kwa hesabu moja tu: kipande kimoja kisichokatika kinaweza kuchimbiwa mifereji. Ardhi kavu haina mnunuzi, ardhi yenye maji ina mnunuzi, na mkulima aliyekwisha kununua atasafirisha mazao yake kwa treni ile ile ya kampuni. Umwagiliaji wa Brooks, basi, ulianza kama mpango wa biashara wa mwenye ardhi na mwenye reli, ambaye alikuwa mtu mmoja.

Hata jina la mji lilitoka relini. Mwaka 1904 palipohitajika jina la posta, lilichukuliwa la Noel Edgell Brooks, mhandisi wa reli. Mwaka 1910 kikawa kijiji rasmi, na mwaka uliofuata kikapanda kuwa mji mdogo.

Daraja la maji

Kati ya 1910 na 1914 kampuni ilijenga bwawa kwenye Mto Bow karibu na Bassano, kaskazini-magharibi ya Brooks, na kutoka hapo mifereji ikasambaa. Sheria ya mfereji ni moja, na kila aliyewahi kulima kwa skimu anaijua: maji huteremka. Ukikuta bonde, ama ulizunguke, ama ulivuke juu kwa juu. Upande wa mashariki ya Brooks kulikuwa na bonde la upana wa kilomita 3.2.

Wahandisi wakaamua kuvuka. Walijenga hori refu la zege lenye nondo, likakaa juu ya miguu ya zege, sehemu nyingine karibu mita 20 kutoka chini, likabeba maji kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati walikutana na kizuizi: reli yenyewe. Hori lisingeweza kupita juu ya treni bila kunyanyuliwa, na maji hayanyanyuki. Wakayazamisha. Maji yaliingia kwenye bomba, yakashuka, yakapita chini ya reli, kisha yakapanda upande wa pili kwa nguvu ya uzito wa maji yaliyokuwa nyuma yake. Ukitaka kuona inavyofanya kazi chukua mpira wa kumwagilia, ujaze maji, ushike ncha zote mbili juu na uache tumbo lining'inie. Ukishusha ncha moja kidogo tu, maji yatamwagika upande huo, ingawa yamepita chini kabisa.

Hori lilikamilika mwaka 1914. Shida zikaanza mapema. Hori halikuwahi kubeba kiasi cha maji kilichokadiriwa kwenye michoro. Maungio yalivuja, na maji yanayoingia kwenye ufa wa zege mwezi wa kumi huganda mwezi wa kumi na mbili, hutanuka, na kuupanua ule ufa. Chumvi za ardhini nazo zikawa zinaila zege polepole. Kila mwaka mafundi walirudi kuziba, na waliziba kwa zaidi ya miaka sitini, hadi 1979 maji yalipohamishiwa kwenye mfereji wa udongo uliojengwa kando. Udongo wa kushindiliwa, wa bei nafuu, ndio unaofanya kazi leo. Zege limebaki kumbukumbu ya taifa. Simama chini yake uone miguu ile imejipanga mpaka inapotea machoni, vipande vimebanduka na nondo zimejitokeza nyekundu kwa kutu. Mimi naona ndiyo kazi ya mikono ya watu yenye fahari kuliko zote nyanda hizo, pamoja na kushindwa kwake.

Kampuni haikupata faida iliyoiota. Walowezi walioahidiwa neema walikuta udongo unaotoa chumvi na madeni yasiyolipika, wengi wakaondoka. Mwaka 1935 wakulima waliobaki walichukua skimu mikononi mwao, wakaunda Eastern Irrigation District, chombo chao wenyewe, wakakabidhiwa mifereji pamoja na eneo kubwa sana la ardhi ya malisho. Kampuni ilikuwa na hamu ya kuutua mzigo huo kiasi cha kuwaongezea na fedha. Baadaye visima vya mafuta na gesi vikachimbwa kwenye ardhi hiyo, na mapato yake yakasaidia kutengeneza mifereji. Nadhani huu ndio uamuzi uliouokoa mji: maji na ardhi viliwekwa kwenye mikono ya watu waliokuwa na sababu ya kukaa.

Upande wa Siksika hesabu ilichelewa mno. Mwaka 1910, wakati ule ule wa ujenzi, karibu nusu ya eneo lao ilitwaliwa. Juni 2022, palepale Blackfoot Crossing, waziri mkuu Justin Trudeau na chifu Ouray Crowfoot walitia saini makubaliano ya fidia ya dola bilioni 1.3, kwa ajili ya takriban hekta 46,500 na madai mengine, yakiwemo yanayohusu reli na umwagiliaji. Miaka 112 ilikuwa imepita.

Kutoka nyasi hadi kisu

Maji yalipotulia mashambani, kilichostawi zaidi ni chakula cha mifugo: shayiri, alfalfa, nyasi. Penye lishe ya uhakika, mwenye ng'ombe anasogea. Mwaka 1966 nje kidogo ya Brooks yalianzishwa mazizi ya Lakeside ya kunenepesha ng'ombe, na mwaka 1974 pakafuata machinjio.

Hapa tena tuvuke mpaka kidogo, maana kilichoibadili Brooks kilibuniwa Marekani. Zamani ng'ombe walipakiwa treni wakapelekwa mjini: Chicago kule, Toronto na Winnipeg huku. Walichinjwa na mafundi wanaoijua kazi mwanzo hadi mwisho, wenye vyama imara na mishahara ya kujengea nyumba. Kampuni ya IBP, iliyoanza na kiwanda cha Denison, Iowa, ikaugeuza mpango huo. Ng'ombe akisafirishwa hukonda, na ukimsafirisha mzima unalipia nauli ya mifupa na pembe. Basi machinjio yafuate ng'ombe shambani, nyama ikatwe hukohuko, itiwe kwenye maboksi, iende mjini ikiwa tayari. Na kazi ya fundi mmoja ikavunjwavunjwa: huyu akate bega tu, yule atoe mfupa mmoja tu, siku nzima. Kazi ya namna hiyo hufundishwa kwa siku chache, na ndiyo maana mshahara wake hupungua.

IBP iliinunua Lakeside mwaka 1994 na kuipanua. Leo kiwanda, ambacho sasa ni cha kampuni ya JBS yenye asili ya Brazil, kinaweza kuchinja zaidi ya ng'ombe 4,000 kwa siku.

Mtazame mtu mmoja kwenye mstari. Mkono wa kushoto umevaa glavu ya vipete vya chuma vilivyosukwa kama wavu, na umeshika ndoano. Wa kulia una kisu. Nyama inakuja ikining'inia kwenye mnyororo, anaichoma ndoano, anaivuta, anakata mara mbili, anaiachia, na nyingine imeshafika. Ndani ni baridi ya jokofu ili nyama isiharibike, vidole vinakufa ganzi kwenye glavu iliyolowa. Kati ya kipande na kipande anapitisha kisu kwenye chuma cha kunolea, fyu, fyu, kwa sababu kisu butu hakimchoshi mkono tu, kinaharibu na kiwiko na bega. Kelele haziruhusu mazungumzo, hivyo watu wa mataifa kumi hukaa bega kwa bega saa nane wakielewana kwa ishara. Jioni mkono hugoma kufunguka. Wapo wanaoamka usiku kuuchua kwa maji ya moto.

Kazi kama hiyo watu huiacha haraka. Kiwanda kikawa kinahitaji watu wapya wakati wote, na mji uliokuwa na watu 10,093 mwaka 1996 haukuwa na watu hao. Wengine waliletwa kutoka majimbo ya mashariki, hasa Newfoundland, ambako serikali ilikuwa imefunga uvuvi wa chewa mwaka 1992 na wavuvi wamekosa kazi. Kisha wakaja wakimbizi.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Wakimbizi wengi hawakupelekwa Brooks na serikali. Walitua kwanza Calgary, Winnipeg au Toronto. Walikuwa Wasudani, Wasomali na Waethiopia, baadhi yao wamekaa miaka kwenye kambi za Kakuma na Dadaab huko Kenya. Jijini walikuta kodi ya nyumba juu na kazi zinazodai cheti cha Kanada na Kiingereza cha ofisini. Mtu akampigia simu ndugu yake: huku Brooks wanachukua watu wiki hii hii, hawaulizi cheti. Walikuja kwa kuitana, kama watu wanavyoitana popote penye kazi. Baadaye, kiwanda kilipoanza kuchukua wafanyakazi wa mkataba kutoka ng'ambo, Wafilipino wakaongezeka, na wakishapata ukaazi huleta wake, waume na watoto. Leo zaidi ya theluthi ya wakazi ni watu wasio wa asili ya Ulaya.

Tarehe 1 Septemba 2005 Brooks ilipewa rasmi hadhi ya jiji. Wiki sita hazikupita vizuri, tarehe 12 Oktoba, wafanyakazi wa kiwanda, ambacho wakati huo kilikuwa cha Tyson, wakagoma wakidai mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mgomo uliwagawa watu wa mtaa mmoja, hata wa nyumba moja. Mabasi ya wanaoendelea na kazi yalizuiwa langoni, watu wakapigana, na Doug O'Halloran, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, akalazwa hospitali baada ya gari lake kufukuzwa na kutolewa barabarani. Baada ya majuma matatu na siku kadhaa mkataba ulipatikana. Watu waliokuwa wakisemwa kuwa ni wageni wasiojua haki zao walikuwa wamesimama kwenye baridi na kushinda.

Mji unaotegemea mwajiri mmoja mkubwa hulala naye na kuamka naye. Septemba 2012 nyama ya kiwanda hicho, wakati huo kikiwa cha XL Foods, ilikutwa na bakteria wa E. coli, watu 18 wakaugua, na likafuata zoezi kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika Kanada la kurudisha nyama kutoka madukani. Kiwanda kilisimama kwa majuma, na mji mzima ukashika tama. Aprili 2020 ilikuwa zamu ya korona: zaidi ya wafanyakazi 600 waliambukizwa. Ukishasoma maelezo ya ule mstari, bega kwa bega kwenye baridi, hushangai.

Siku za kawaida

Ila maisha ya Brooks si mgomo na maradhi. Zaidi ya yote ni baridi na ratiba. Januari nyuzi za joto zinaweza kushuka chini ya sifuri kwa 30, na asubuhi utaona waya wenye plagi ukining'inia mbele ya kila gari: usiku kucha gari limechomekwa kwenye umeme ili injini isigande. Mgeni hudhani ni gari la betri. Halafu, pasipo kutarajiwa, hufika upepo wa chinook kutoka Milima ya Rocky, mkavu na wa joto, na theluji ya jana inakuwa madimbwi.

Asiye na gari ana shida ya kweli. Treni zinapita mchana na usiku, ndefu kiasi cha kukufanya uzime injini kwenye kivuko, lakini zinabeba mizigo tu. Treni ya abiria iliondolewa kwenye njia hii Januari 1990. Mabasi ya Greyhound nayo yaliacha magharibi ya Kanada mwishoni mwa Oktoba 2018. Kwa hiyo watu hupeana lifti: kwenda kazini, kwenda hospitali ya Calgary, kwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege, safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi. Undugu mwingi wa Brooks umejengwa ndani ya gari la mtu.

Shule ndizo zinazobeba mzigo mkubwa usioonekana. Anaweza kuingia mtoto katikati ya muhula ambaye hajawahi kuona theluji wala kusema neno la Kiingereza. Ipo hata shule ya Kifaransa, École Le Ruisseau, yaani Kijito, kwa kuwa neno brook la Kiingereza lina maana hiyo. Katika nyanda ambazo Kifaransa hakina wenyewe wengi, familia kutoka Kongo na Burundi ni miongoni mwa wale ambao shule ya namna hiyo huwafaa: mtoto anasoma kwa lugha ambayo baba anaweza kumsaidia nayo kazi ya nyumbani.

Jumamosi ya baridi mji hukusanyika kwenye ukumbi wa barafu kuwatazama Brooks Bandits, timu ya vijana ya magongo ya barafuni iliyotwaa ubingwa wa taifa wa daraja lake mara kadhaa tangu 2013. Cale Makar, mmoja wa walinzi bora duniani hivi sasa, alipitia hapo. Wakati wa joto watu huenda Ziwa Newell kuogelea, ziwa ambalo wageni wengi hawaamini kuwa ni bwawa la umwagiliaji. Au huenda Hifadhi ya Dinosaur, kilomita 48 kutoka mjini, mahali palipoorodheshwa na UNESCO mwaka 1979, ambapo nyika hukatika ghafla na kuwa makorongo ya udongo wa mistari, na mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 75 hutokeza baada ya mvua.

Yote haya bado yananing'inia kwenye theluji inayoyeyuka milimani. Mto Bow ukipungua, shayiri inapungua, na mazizi yanapungua. Aprili 2024, baada ya ukame wa mfululizo, wenye haki kubwa za maji kusini mwa Alberta walikubaliana kwa hiari kugawana maji endapo mto ungepungua. Kila majira ya kuchipua milango ya Bassano hufunguliwa na mifereji hujaa tena. Mvulana wa shule ya msingi, aliyezaliwa kambini, huendesha baiskeli kandokando ya mfereji wa udongo uliochukua nafasi ya lile zege, anatupa kijiti ndani, kisha anakifukuza kuona kitafika wapi.